Mfupa Ukikataa Kuunga: Damu Inaweza Kusema Nini?

ELIMU YA AFYA

Mwendesha boda boda anaweza kuanguka kwa sekunde moja na kukaa nyumbani mwaka mzima. Chukua mfano wa kijana wa miaka 28 aliyegongwa na gari akitoka stejini. Mfupa wa muundi ulivunjika na ncha yake ikatoboa ngozi. Hospitalini alioshwa kidonda, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Kidonda kilifunga vizuri. Miezi 10 baadaye bado anatembea kwa magongo. Pikipiki aliyoinunua kwa mkopo inaendeshwa na mtu mwingine, na kila anapokanyaga chini mguu unauma palepale ulipovunjika. Hana homa. Hakuna usaha. Picha ya eksirei inaonyesha pengo ambalo halijajaa.

Katika kliniki ya mifupa, daktari anamwandikia vipimo vya damu. Mama yake aliyemsindikiza anauliza swali ambalo wagonjwa wengi huwa nalo: "Daktari, aliyevunjika ni mguu. Damu inahusikaje?"

Inahusika kwa sababu mfupa usiounga huenda umeingiliwa na vijidudu ambavyo havionekani kwa macho wala kwa eksirei. Vipimo vya damu vinaweza kutoa dokezo kwamba vimo. Hata hivyo, dokezo si hukumu. Kuna watu ambao damu yao husoma "sawa" huku mfupa una vijidudu, na wengine ambao damu husoma "juu" kwa sababu nyingine kabisa. Mgonjwa anayeelewa jambo hili hukwepa makosa mawili yanayogharimu watu miguu na mali: kukataa upasuaji kwa sababu "damu iko safi", na kumeza dawa za dukani kwa sababu "damu iko juu".

MFUPA HUUNGA KWA MUDA GANI?

Mfupa uliovunjika hujijenga wenyewe. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika. Kisha mwili hujenga gegedu laini linaloshikanisha vipande viwili, na taratibu gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu. Kazi ya plasta au chuma ni kushikilia vipande vitulie mwili ukifanya kazi yake.

Muda hutofautiana. Mfupa wa karibu na kifundo cha mkono wa mtu mzima unaweza kushika katika wiki 6 hivi. Muundi huchukua takriban miezi 4, wakati mwingine zaidi. Watoto huunga haraka kuliko watu wazima.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka kigezo kinachotajwa sana na madaktari: mfupa huhesabiwa kuwa umekataa kuunga iwapo imepita angalau miezi 9 tangu kuvunjika, na hakuna dalili yoyote ya kuendelea kupona kwa miezi 3 ya mwisho. Lakini daktari halazimiki kusubiri miezi 9 iwapo ni wazi kwamba mfupa hauendi mbele.

Muundi ni miongoni mwa mifupa inayosumbua zaidi. Upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, nyama ni kidogo na damu inayofika ni kidogo. Mfupa huo hutoboa ngozi kwa urahisi, na ukitoboa hukutana na udongo na uchafu wa barabarani.

KWA NINI MFUPA HUKATAA?

Sababu kubwa ni nne.

Ya kwanza ni kutotulia. Vipande vikiendelea kusogea, gegedu haligeuki mfupa. Hutokea pale plasta inapolegea, chuma kinapokatika, au mgonjwa anapokanyaga kabla ya wakati.

Ya pili ni damu kutofika vizuri, hasa pale ajali ilipochana nyama na mishipa iliyozunguka mfupa.

Ya tatu ni hali ya mwili wenyewe: uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa, lishe duni na ukosefu wa vitamini D.

Ya nne ni vijidudu, navyo hubadilisha mpango mzima wa matibabu. Ikiwa tatizo ni kutotulia peke yake, daktari anaweza kubadilisha chuma, akakaza vizuri, na kuongeza mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Akifanya hivyo juu ya vijidudu, chuma kipya huwa makao yao mapya, mfupa ulioongezwa huweza kufa, na mgonjwa hurudi pale alipoanzia akiwa na kovu lingine na deni lingine. Ndiyo maana swali la vijidudu ni lazima liulizwe kabla ya upasuaji mwingine.

VIPIMO VITATU VYA DAMU

Fomu ya maabara kwa kawaida huwa na vipimo vitatu.

Hesabu ya chembe nyeupe za damu. Hizi ni askari wa mwili. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huchukulia kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila mikrolita moja ya damu kuwa kawaida. Vijidudu vinaposhambulia ghafla, hesabu hupanda. Lakini ugonjwa wa mfupa uliokaa miezi mingi mara nyingi hauipandishi hesabu hii. Aidha, watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na kiwango cha chini cha aina moja ya chembe hizo bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo namba iliyo ndani ya mipaka ya fomu haitoshi kumtuliza daktari. Vipimo vya zamani vya mgonjwa huyohuyo, kama vipo, humsaidia kulinganisha.

Kipimo cha ESR. Hiki hupima kasi ya chembe nyekundu kuzama. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimamishwa wima. Baada ya saa moja, mtaalamu wa maabara husoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili unapopambana na ugonjwa, damu huwa na protini nyingi zinazofanya chembe nyekundu zishikamane kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, nazo huzama haraka. Njia hii ina zaidi ya miaka 100, na haihitaji mashine ya bei ghali. Udhaifu wake ni kwamba hupanda polepole na kushuka polepole, na hupandishwa na mambo mengi: umri, ujauzito, upungufu wa damu, kifua kikuu na ugonjwa wa baridi yabisi.

Kipimo cha CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka wa 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Mwili ukishambuliwa, CRP huanza kupanda ndani ya saa chache na kufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Shambulio likiisha, hushuka upesi. Katika maabara nyingi, kiwango kilicho chini ya miligramu 10 kwa lita huchukuliwa kuwa cha kawaida, ingawa baadhi ya maabara hutumia 5.

Upasuaji wenyewe pia hupandisha CRP. Baada ya mgonjwa kuwekewa chuma, hupanda kwa siku mbili au tatu, kisha hushuka na kurudi kawaida baada ya wiki mbili au tatu hivi. Ikikataa kushuka, au ikishuka kisha ikapanda tena, daktari huwa na sababu ya kutafuta vijidudu. Kwa hiyo vipimo viwili au vitatu vilivyopigwa kwa nyakati tofauti husema mengi kuliko kipimo kimoja. Mgonjwa asitupe karatasi za maabara.

MATOKEO HUSOMWAJE?

Vipimo hivi husomwa kwa pamoja. Vyote vitatu vikiwa juu kwa mtu ambaye mfupa wake hauungi, na ambaye hana ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo, uwezekano wa vijidudu ni mkubwa sana. Kimoja tu kikiwa juu, hakisemi mengi.

Je, vyote vikiwa sawa? Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotoka. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2013 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 90 ambao mifupa yao ilikataa kuunga. Ulikadiria kwamba hata pale chembe nyeupe, ESR na CRP zote zilipokuwa za kawaida, takriban mmoja kati ya watano bado alikuwa na vijidudu kwenye mfupa. Kwa lugha ya stejini, ukiwapanga waendesha boda boda watano wenye mfupa usiounga na damu "safi", huenda mmoja wao amebeba vijidudu bila kujua.

Upande wa pili pia una mtego wake. Malaria, nimonia, jipu la jino, maambukizi ya njia ya mkojo na kifua kikuu vyote vinaweza kupandisha vipimo hivi. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mgonjwa anayekohoa kwa wiki kadhaa anapaswa kumwambia daktari wa mifupa, hata kama anadhani kikohozi na mguu havihusiani.

Wagonjwa wa selimundu wanahitaji uangalifu wa pekee. Chembe zao nyekundu zilizopinda kama mundu haziwezi kupangana vizuri, hivyo ESR inaweza kubaki chini hata wakiwa na maambukizi makali. Na ni watu hawahawa ambao mifupa yao huambukizwa kwa urahisi. Mwenye selimundu ataje hali yake kila anapoingia kliniki mpya.

KWA NINI DAMU IWE SAFI NA MFUPA UMGONJWA?

Vijidudu vikifika kwenye chuma au kwenye kipande cha mfupa uliokufa, hujishikiza na kujifunika kwa utando wa ute. Chini ya utando huo huishi polepole. Askari wa mwili hawavifikii kwa urahisi, na dawa nyingi hushindwa kupenya. Vingi vya vijidudu hivi huishi kwenye ngozi za watu wote bila kuleta madhara, hadi vinapopata chuma cha kukalia. Kwa kuwa havifanyi fujo kubwa, ini halipati habari ya kutengeneza CRP nyingi. Mwili uko kimya, lakini mfupa hauungi.

Jambo jingine linalonyamazisha damu ni dawa. Mgonjwa aliyemeza antibiotiki za dukani kwa siku tano hupunguza vijidudu vilivyo juu juu. Maumivu hupoa kidogo na CRP hushuka. Vilivyo chini ya utando hubaki. Dawa zikiisha, huanza upya, na baadhi huwa vimezoea dawa hiyo.

JIBU KAMILI LIKO KWENYE MFUPA

Mwaka wa 2018 jopo la wataalamu wa kimataifa lilichapisha mwafaka kuhusu jinsi ya kutambua maambukizi yanayotokana na kuvunjika mifupa. Waligawa dalili katika makundi mawili: zinazothibitisha na zinazodokeza. Vipimo vya damu viliwekwa kwenye kundi la zinazodokeza.

Katika mwafaka huo, zinazothibitisha zilikuwa nne. Kidonda kilichofumuka au kitundu kinachofika hadi kwenye mfupa au chuma. Usaha unaotoka mahali hapo. Kijidudu cha aina moja kuota maabara kutoka kwa angalau sampuli mbili tofauti zilizochukuliwa ndani kabisa. Na vijidudu kuonekana kwa hadubini ndani ya nyama au mfupa uliochukuliwa wakati wa upasuaji.

Ndiyo maana daktari wa upasuaji huchukua sampuli nyingi, kwa kawaida 5 au zaidi, kutoka sehemu mbalimbali karibu na mahali palipovunjika, kila moja kwa chombo chake safi. Kupangusa kidonda kwa pamba juu ya ngozi hakutoshi, kwa sababu pamba hiyo huokota vijidudu vya ngozi ambavyo huenda havihusiki na mfupa. Maabara huziotesha sampuli kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kwa kuwa vijidudu vya polepole huchelewa kuota. Majibu hutaja pia dawa inayoweza kuviua.

Ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu, daktari humsimamisha kutumia antibiotiki kwa angalau wiki mbili kabla ya sampuli kuchukuliwa, ili vijidudu viweze kuota maabara. Uamuzi huo ni wa daktari. Mgonjwa asiache dawa alizoandikiwa kwa uamuzi wake mwenyewe. Naye mwenye homa kali, kutetemeka, mguu uliovimba na kuwa moto, au usaha, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Vijidudu vikithibitishwa, matibabu huwa na hatua kadhaa. Mfupa uliokufa huondolewa, na chuma hutolewa au hubadilishwa. Dawa hutolewa kulingana na majibu ya maabara, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 12. Vipande hushikiliwa upya, wakati mwingine kwa vyuma vinavyokaa nje ya mguu, kisha pengo hujazwa. Ni safari ndefu, na CRP hupimwa tena na tena njiani ili kuona kama mwili unatulia.

KABLA YA KWENDA KLINIKI

Wakazi wenye mfupa unaochelewa kuunga wanahimizwa kufanya yafuatayo:

1. Beba karatasi zote: kadi ya hospitali, picha za eksirei tangu siku ya ajali na majibu ya maabara ya awali.

2. Andika au piga picha majina ya dawa zote ulizotumia, zikiwemo za dukani na za miti shamba. Hakuna atakayekugombeza. Daktari anahitaji kujua ili asome damu yako sawasawa.

3. Sema kama mfupa ulitoboa ngozi siku ya ajali, na kama kidonda kilichelewa kufunga au kilitoa maji kwa muda mrefu.

4. Taja kisukari, selimundu, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, ujauzito, na kama unavuta sigara.

5. Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa, wala usimeze zilizobaki za jirani.

6. Usikandwe wala kunyooshwa mahali ambapo mfupa haujaunga.

7. Hakikisha usajili wako na michango yako ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iko sawa mapema, na uulize hospitali ni vipimo vipi vinalipiwa.

Damu ikisoma sawa na mfupa bado hauungi, mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Je, bado inawezekana kuna vijidudu? Sampuli zitachukuliwa wakati wa upasuaji?" Ni maswali ya adabu, na daktari huyatarajia.

Turudi kwa kijana wa boda boda. Majibu yake yanarudi: chembe nyeupe sawa, ESR juu kidogo, CRP sawa. Anafurahi. "Basi daktari, damu ni safi. Niwekee chuma kingine nirudi kazini."

"Damu imetuambia kwamba hakuna moto mkubwa," daktari anamjibu. "Haijatuambia kwamba hakuna makaa. Mfupa wako ulitoboa ngozi ukakutana na barabara. Nitakapofungua, nitachukua sampuli 5 kwanza. Tukipata kitu, tutatibu hicho kabla ya kujenga."

Mama yake anatikisa kichwa kukubali. Miezi 10 imepita, na wiki mbili za kusubiri maabara si nyingi kama zitazuia miezi mingine 10 ya magongo.

KWA WAHAMASISHAJI WA AFYA YA JAMII

Maswali haya yanaweza kujadiliwa na familia wakati wa ziara za nyumbani, katika baraza, au stejini:

1. Kwa nini mfupa wa muundi husumbua kuliko mifupa mingine mingi?

2. Mgonjwa ana CRP ya juu na amekuwa akikohoa kwa mwezi mmoja. Je, ni lazima tatizo liwe mguuni? Anapaswa kumwambia daktari nini?

3. Kwa nini mtu aliyemeza antibiotiki za dukani wiki iliyopita anaweza kupata majibu yanayopotosha?

4. Je, ni nani katika eneo hili ambaye amekuwa kwenye magongo kwa zaidi ya miezi 6? Mara ya mwisho alionwa na daktari wa mifupa lini?

Swali la nne ndilo la kuanza nalo. Wengi walio katika hali hii waliacha kwenda kliniki kidonda kilipofunga, wakadhani mguu wao ndivyo utakavyokuwa. Mhamasishaji akimpata mtu kama huyo, ampe rufaa aende hospitalini na karatasi zake zote.